Swala barabarani Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva

Nimeendesha lori kati ya Kampala na Mpondwe, mpakani na Kongo, kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na siku hizi nawafundisha vijana wanaoingia kwenye kazi hiyo. Kila kundi jipya linakuja na maswali yale yale kuhusu swala na wanyama wengine wanaovuka barabara, ndiyo maana nimeamua kuyaandika. Mengine nilianza kuulizwa na wenye magari madogo waliosikia kuwa mzee fulani anajua habari za swala. Najua kwa sababu nimewahi kukosea.

Ushauri mwingi mtandaoni unahusu kulungu wa Ulaya na Marekani. Sisi unatuhusu?

Nusu nusu. Yule ayala wa Zaburi ya 42, yaani kulungu, anayeionea shauku mito ya maji, hajawahi kukanyaga mbuga zetu za Uganda. Dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Swala wetu akiota pembe, ni zake mpaka kufa. Hilo halimhusu dereva. Linalomhusu ni majira. Kwao ajali hupanda kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati madume wanapokimbiza majike bila kuangalia njia, kwa hiyo dereva wa huko anajua mwezi wa kuogopa. Kob, swala wetu wa hapa ikweta, wanazaliana mwaka mzima. Hatuna mwezi wa kupumzika.

Mengine yanafanana. Miguu mirefu, kwato zinazoteleza juu ya lami, kiwiliwili kinachofika sawasawa na boneti ya gari dogo, ile tabia ya kuganda taa zikimpiga machoni, na ile ya kufuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Kwa hiyo ukisoma ushauri wao kuhusu breki na usukani, uchukue. Ukisoma kalenda yao, achana nayo.

Swala ni yupi hasa? Mbona kila mtu anamtaja wake?

Sisi madereva tunawaita wote swala na kuendelea na safari. Lakini kuwatofautisha kuna faida. Yule mwenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, aliyesimama kwenye nembo ya taifa akitazamana na korongo, ni kob wa Uganda. Waganda wanamwita nsunu, na wapo wa ukoo wake wasiogusa nyama yake. Dume linafika kilo 90 au 100. Anakaa kwa makundi kwenye nyasi fupi, na kando ya lami nyasi huwa fupi.

Swala pala ndiye aliyekipa jina kilima cha Kampala, ingawa leo ukimtafuta Kampala utamkuta kwenye picha tu. Ngome yake ni Hifadhi ya Ziwa Mburo. Huyu ni mwepesi na anaruka. Unaweza kumkuta amepaa hewani mbele ya kioo chako. Kuro ni habari nyingine: dume linapita kilo 200, karibu ndama mkubwa wa ng'ombe. Pongo, wanayemwita ngabi, hupenda kutembea peke yake kwenye vichaka na hutokea bila dalili yoyote. Ukiona kob au pala, tegemea wengine. Ukiona pongo, shukuru kwamba umemwona.

Ni barabara zipi za kuangalia zaidi?

Ninayoijua kuliko njia ya kwenda kwetu ni ile inayotoka Ishaka, inapanda Rubirizi, kisha inateremka ukingo wa Kichwamba kuingia bondeni. Ukimaliza mteremko, lami inanyooka, upepo wa joto unakupiga usoni, na mguu wenyewe unataka kukanyaga mafuta. Hapo ndipo umeingia Hifadhi ya Queen Elizabeth. Barabara inavuka mfereji wa Kazinga kwa daraja la Katunguru, inaendelea mpaka Kikorongo, halafu inagawanyika: kulia Kasese, kushoto Mpondwe na mpaka wa Kongo. Kob, nyati, tembo, kiboko, fisi, wote wanavuka hapo. Hakuna uzio. Wanyama wako pande zote mbili za barabara.

Ile ya Katunguru kwenda Ishasha ni mbaya kwa namna yake. Malori yanatimua vumbi, na ndani ya vumbi huwezi kujua kama kivuli unachokiona ni kichaka au ni nyamera.

Kaskazini, barabara kuu ya Gulu inapita Karuma, nyumba ya nyani, na ukikunja kushoto kuelekea Pakwach na Arua unatembea pembezoni mwa Hifadhi ya Murchison Falls. Karibu na Pakwach tembo huvuka wakati wanaotaka wao. Siku hizi kuna lami pia ndani ya hifadhi yenyewe, kutoka Masindi kupitia Paraa hadi upande wa Pakwach, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa kuchimba mafuta wa Buliisa. Lami nzuri ndani ya mbuga ni mtego. Barabara ya mashimo ilikuwa inampunguzia dereva mwendo bila kumuuliza.

Masaka hadi Mbarara watu huisahau kwa sababu haikatizi katikati ya hifadhi. Lakini kuanzia Lyantonde mpaka Sanga uko jirani na Ziwa Mburo, na pala na punda milia wa huko hulala kwenye mashamba ya mifugo nje ya mipaka. Ongeza Fort Portal kwenda Kamwenge, inayopasua msitu wa Kibale ambako hata sokwe huvuka lami, na Muyembe kwenda Nakapiripirit, inayokatiza hifadhi ya Pian Upe.

Saa gani ni mbaya zaidi?

Jioni jua linapozama na alfajiri kabla halijatoka. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Dakika 20 zinatosha kukutoa kwenye mwanga kukupeleka gizani. Katika dakika hizo taa zako hazijaanza kusaidia na macho yako yameanza kushindwa. Wanyama nao ndio wanatoka kivulini kwenda kula na kunywa.

Usiku wa manane swala wengi wametulia, lakini kiboko ndiyo kwanza yuko kazini.

Kiangazi, Juni hadi Agosti na tena Desemba hadi Februari, angalia sehemu zilizo karibu na maji, na angalia majani yaliyochomwa moto. Wiki moja au mbili baada ya moto nyasi changa huchipua na swala hukusanyika hapo kama watu kwenye mnada. Mvua zikija, nyasi hurefuka mpaka kwenye ukingo wa lami, na mnyama aliye mita mbili kutoka kwako haonekani.

Niendeshe kwa mwendo gani?

Kwenye njia za ndani ya hifadhi kikomo ni kilomita 40 kwa saa. Kwenye barabara kuu fuata vibao, halafu ujipigie hesabu yako mwenyewe, maana kibao hakijui taa zako zikoje.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Tangu umwone mnyama mpaka mguu ufike kwenye breki, mtu wa kawaida asiye na usingizi anatumia kama sekunde moja na nusu. Hizo ni mita 33 ambazo hujafanya lolote. Breki nzuri kwenye lami kavu zinataka mita nyingine 36 hivi. Jumla, karibu 70. Kwa kilomita 100 jumla inakaribia mita 100. Kwa 60 ni kama 45, na kwa 40 unasimama ndani ya 26 au 27.

Sasa weka taa. Dimu (taa za chini) ya gari la kawaida inaonyesha mita 40 hadi 60 mbele, tena ikiwa kioo chake ni safi na hakijawa cha njano. Kwa maana hiyo, anayekwenda 80 kwa dimu anaendesha kama kipofu: atakapomwona swala, ajali ilishaamuliwa sekunde moja kabla. Hakuna ustadi wa usukani utakaoirudisha nyuma. Vijana wangu huniambia, "Mzee, mimi nina breki kali." Breki kali zinaanza kazi baada ya zile mita 33.

Lori lenye mzigo linahitaji zaidi ya hapo, na mvua inaongeza tena. Mimi usiku kati ya Kikorongo na Katunguru siendi zaidi ya 50. Wanaonipita huwa nawakuta Rubirizi wakinywa chai, wamenitangulia dakika chache tu.

Nitamwonaje gizani?

Tafuta macho. Macho ya swala yana utando nyuma yake unaorudisha mwanga, na ukiyamulika yanang'aa kama vipande vya chupa kando ya njia. Utayaona kabla ya kuona mwili. Ukiona nukta mbili zinazong'aa halafu zikazimika, usifurahi. Amegeuza kichwa tu, na huenda ameelekea barabarani.

Kiboko na nyati hawakupi zawadi hiyo kwa urahisi. Wana rangi ya lami. Wengine nimewagundua kwa sababu taa za gari linalokuja upande wa pili zilikatika kidogo, kama kuna mtu amepita mbele yake. Taa ya mwenzako ikipepesa bila sababu, punguza.

Na ufute kioo. Kioo chenye wadudu waliopondeka, usiku, ni pazia.

Fulu au dimu? Nipige honi?

Njia ikiwa tupu, fulu (taa za juu). Ukishamwona swala amesimama kwenye mwanga, rudisha dimu, maana fulu ndiyo iliyomgandisha. Haoni pa kwenda. Punguza mwendo, piga honi fupi fupi mbili tatu, mpe nafasi aamue. Honi moja ndefu humtia wazimu na anaweza kukurukia.

Kwa tembo, usipige honi kabisa. Wala usimpepesee taa.

Yuko mbele yangu na siwezi kusimama. Nimkwepe au nimgonge?

Kama ni swala: shika usukani kwa mikono miwili, kanyaga breki kwa nguvu zote, baki kwenye njia yako, mgonge ukiwa umepunguza mwendo kadiri ulivyoweza. Najua inasikika kama ukatili. Gari lenye ABS (breki zisizofunga matairi) kanyaga usiachie, hata kanyagio likitetemeka mguuni. Lori la zamani lisilo na ABS, kanyaga na kuachia ili matairi yasijifunge. Dakika ya mwisho kabla ya kugusa, wengine huachia breki kidogo ili pua ya gari iinuke na mnyama asipande kwenye kioo. Ukiweza, vizuri, ukisahau, hakuna atakayekulaumu.

Sababu ya kutokwepa naijua kwa gharama. Ilikuwa alfajiri, kama saa kumi na moja na nusu, natoka Mpondwe na lori tupu, nakwenda 80. Dume la kob lilikuwa limesimama ukingoni kushoto, kimya, linanitazama. Nikakata kulia kumpa nafasi. Yule hakutikisika hata kidogo. Wa pili, ambaye sikumwona, alikuwa anatoka kulia kumfuata mwenzake, na nilimkuta katikati ya njia isiyo yangu, lori likiwa tayari limeegemea upande mmoja. Tulisimama tairi moja likiwa hewani juu ya mtaro. Nakumbuka manyoya ya kahawia yamenasa kwenye grili, maji ya rejeta yanachirizika juu ya lami na kunuka kama sufuria iliyoungua, na taniboi wangu ameshika kiwiko anasema kwa sauti ndogo, "Mzee, si nimekwambia wako wawili."

Alikuwa ameniambia kweli. Sikumsikia. Na kama basi la asubuhi lingekuwa linakuja, hadithi hii angesimulia mwingine.

Swala akigonga bampa anaharibu gari. Anayeua watu mara nyingi ni ule usukani uliokatwa ghafla: gari dogo linabiringika, lori linaingia mtaroni, au mnakutana uso kwa uso na anayekuja.

Na akiwa nyati, kiboko au tembo?

Hapo kanuni inabadilika, kwa sababu hao hawagongeki. Nyati dume ni kilo 600, 700 au zaidi. Kiboko anapita tani moja na nusu na miguu yake ni mifupi, kwa hiyo gari dogo linajikunja kwake kama limegonga jiwe. Tembo ni mrefu. Unamgonga miguu, mwili unakuja juu ya paa.

Breki kwanza, sawa na kwa swala. Ukishapunguza mwendo na bado huwezi kusimama, elekea nyuma ya mnyama, upande anaotoka, maana mbele ndiko anakokwenda. Hili lifanye tu ikiwa njia ni tupu. Lakini narudi kwenye hesabu ya taa: kwa wanyama hawa jibu pekee la maana ni mwendo uliokuwa nao kabla hujawaona.

Tembo amesimama barabarani na mimi nimechelewa.

Umechelewa zaidi. Simama mbali, mita 50 au zaidi, acha injini ikiunguruma na uangalie nyuma kama una nafasi ya kurudi. Usijipenyeze, hasa ukiona mtoto. Mama yake huenda yuko upande wa pili na wewe unataka kupita katikati yao. Akitandaza masikio, akitikisa kichwa au akipiga hatua mbili kuelekea kwako, rudi nyuma polepole. Watu wa bodaboda wa Pakwach huzima pikipiki na kukaa chini ya mti wakisubiri. Nimewaona wakicheza karata.

Nyani wa Karuma je? Wanaonekana wamezoea magari.

Wamezoea magari kwa sababu tumewalisha. Ndizi moja inayorushwa kutoka dirishani inamfundisha nyani kuwa barabara ni meza. Malori ya mahindi yenye turubai bovu yanamwaga punje njia nzima, na hizo nazo zinawaita nyani na ngiri mpaka katikati ya lami. Funga turubai. Usirushe chakula. Na mtoto wa nyani akivuka, jua mama yake atarudi kumfuata hata kama alishapita.

Nimeshamgonga. Nianze na nini?

Washa taa za hatari, sogeza gari kando kama linatembea, vuta breki ya mkono. Angalia watu wako kwanza. Mtu mwenye hofu hasemi kama ameumia mpaka umuulize mara ya pili. Kabla ya kufungua mlango, angalia nje kwa taa, kushoto, kulia na nyuma. Uko mbugani. Kama kundi zima lilikuwa linavuka, bado lipo, na harufu ya damu inafika mbali.

Kisha weka pembetatu zako, moja mbele na moja nyuma, mbali ya kutosha kumpa anayekuja nafasi ya kusimama. Desturi yetu ya kukata matawi na kuyalaza barabarani inasaidia, lakini kuna mambo mawili. La kwanza, kuingia kichakani usiku kukata matawi mahali penye nyati ni kutafuta ajali ya pili. La pili, majani mabichi mbele ya tembo ni chakula. Ukiyatumia, uyaondoe ukiondoka. Nimepita mahali matawi yamelala siku tatu na aliyeyaweka alishafika Kigali.

Gari linawaka. Naweza kuendelea na safari?

Usiamini sauti ya injini peke yake. Piga magoti uangalie chini: maji ya rejeta, mafuta ya injini, mafuta ya breki. Angalia kama bampa au plastiki ya tairi inagusa tairi, kama boneti imefunga, kama taa zote mbili za mbele zinawaka. Taa moja usiku mbugani haitoshi. Tazama kipimo cha joto kwa kilomita tano za kwanza. Rejeta iliyotoboka itakupeleka mpaka mahali pabaya zaidi ya ulipokuwa, halafu ikuache hapo.

Mnyama bado yu hai. Nimsaidie?

Usimkaribie. Swala aliyevunjika miguu ya nyuma bado ana pembe na kwato za mbele, na anapigana na kila kitu kinachomjia. Nyati aliyejeruhiwa ndiye mnyama wa kuogopwa kuliko wote. Kaa ndani ya gari. Usimmalize mwenyewe kwa panga hata kama roho inakuuma, na usimpakie kwenye gari kumpeleka kwa daktari. Toa taarifa, eleza mahali kwa alama wanazozijua wenyeji, kama vile daraja, njia panda au lango la hifadhi, na wao watakuja na mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Amekufa. Nyama itaoza bure, kuna ubaya gani kuichukua?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote.

Kisheria, mnyamapori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, popote alipo na hata akiwa amekufa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inafanya kuwa kosa kukutwa na nyama, ngozi au pembe bila kibali, na adhabu zake ni nzito. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka inafika hadi kifungo cha maisha. Kugonga kwa bahati mbaya ni jambo moja. Ukiweka paja kwenye buti, umejihamisha mwenyewe kutoka upande wa ajali kwenda upande wa ujangili, na kwenye kizuizi cha mbele hakuna atakayekuamini kwamba ulimgonga.

Utaona pia kwamba kabla hujazima injini kuna watu wameshatokea na mapanga, hata mahali ulipodhani hakuna nyumba. Usigombane nao, usiwapige picha kwa majivuno, na usikubali "sehemu yako". Piga simu ukiwa ndani ya gari.

Kuna jambo la afya vile vile. Mwaka 2004 na 2005 kimeta kiliua viboko wengi katika Queen Elizabeth, na ugonjwa huo umewahi kurudi. Kimeta kinamshika binadamu kwa kugusa mzoga au kula nyama yake. Mnyama aliyesimama barabarani kama mlevi, asiyekimbia hata gari likimkaribia, huenda alikuwa mgonjwa kabla hujamgonga. Utajuaje?

Nimpigie nani?

Polisi ni 999 au 112. Ukiwa ndani au karibu na hifadhi, askari wa Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA, wanapatikana kwenye lango lolote. Hifadhi namba ya lango la njia yako kwenye simu kabla ya safari, maana bondeni mtandao unakatika na hutaweza kutafuta. Usiondoke kimya kimya. Madereva waliozoea Mikumi kule Tanzania, ambako faini za kugonga wanyama zimebandikwa kwenye vibao, huja huku na hofu ile ile na kukimbia. Anayekimbia akikamatwa mbele na damu kwenye bampa ana maelezo mengi ya kutoa kuliko aliyesubiri.

Bima italipa?

Bima ya lazima, ile ya stika ya mtu wa tatu, ni ya watu wengine uliowaumiza. Gari lako halimo. Anayelipiwa bampa na rejeta ni mwenye bima kubwa, na hata huyo asome karatasi yake kuhusu wanyama na kuhusu kuendesha ndani ya hifadhi. Utahitaji taarifa ya polisi na picha: mnyama, gari, alama za breki, kibao cha karibu. Mimi ile ajali yangu nilipiga picha ya lori tu. Bwana wa madai akaniuliza, akiwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, kwamba nitathibitishaje kuwa si mti. Manyoya nilikuwa nimeshayaosha.

Na serikali italipa fidia?

Sheria hiyo ya 2019 iliweka mpango wa fidia kwa waliouawa, kujeruhiwa au kuharibiwa mali na wanyama walioorodheshwa, tembo akiwa mmoja wao, nje ya maeneo ya hifadhi. Ulifikiriwa zaidi kwa mkulima na mfugaji. Ukigonga swala katikati ya hifadhi, usiutegemee.

Filimbi za kubandika kwenye bampa, na vyuma vya mbele, vinasaidia?

Filimbi zinauzwa kwa maelezo kwamba upepo unatoa sauti inayofukuza wanyama. Zimejaribiwa kwa kulungu nje ya nchi na hazijaonyesha kufaa. Okoa pesa yako, ununue balbu nzuri.

Chuma cha mbele kinaokoa taa na rejeta ukigonga swala. Kwa nyati hakisaidii kitu. Kwenye gari lenye mifuko ya hewa, chuma kilichochomelewa na fundi wa kando ya njia kinaweza kuvuruga wakati wa mifuko hiyo kufunguka. Na kina ubaya mwingine: kinampa dereva moyo asiostahili kuwa nao.

Mimi ni wa bodaboda. Haya yote ni ya magari.

Kwako ni mabaya zaidi. Wewe huna boneti. Boneti ni kifua chako. Ngiri mmoja au mbuzi tu anatosha kukuangusha. Usipite mbugani usiku kwa pikipiki, hata mteja akiongeza pesa. Ukilazimika, fuata nyuma ya lori kwa umbali wa kutosha, ulitumie kama ngao na kama tochi. Kofia ifungwe kidevuni. Nimeona nyingi zimening'inia kwenye usukani.

Niko ndani ya basi na dereva anakimbiza mbugani. Nifanye nini?

Funga mkanda kama upo. Ongea na kondakta kwa utulivu, si na dereva. Dereva akigombezwa mbele ya abiria huongeza mwendo. Wakiitikia abiria watatu au wanne, husikilizwa.

Ng'ombe na mbuzi nao?

Kati ya Lyantonde na Mbarara ng'ombe wa Ankole wanavuka lami na pembe zao zenye upana wa mlango. Tofauti ni kwamba wana mwenyewe, na mwenyewe yuko karibu. Mazungumzo ya malipo yaende polisi, yasifanyike kwenye mzunguko wa watu hamsini.

Nimekuta mzoga wa tangu jana katikati ya njia. Niuvute kando?

Usiuguse, kwa sababu ya kimeta niliyoisema na kwa sababu hujui nani mwingine anautazama kutoka kwenye nyasi. Punguza mwendo kuanzia mbali. Mchana kutakuwa na tai na korongo wala mizoga, ndege wazito wanaochelewa kuruka na wanaoweza kuingia na kioo chako. Usiku kutakuwa na fisi, ameinamisha kichwa, haangalii barabara. Wengi wa fisi niliowaona wamelala kwenye lami karibu na Katunguru walikuwa mita chache tu kutoka kwa swala aliyegongwa na gari lililotangulia. Ukifika langoni waambie askari ni kilomita ngapi nyuma, na ni upande gani wa njia.